Nimemaliza Fizikia, nataka kuwa mwanaastronomia. Naanzia wapi nikiwa hapa Dar?

Binti wa Segerea

Habari zenu wakuu, na shikamooni kwa wakubwa wote.

Mi ni binti, nimemaliza digrii ya kwanza ya Fizikia mwaka jana, GPA 3.9, sa hivi napiga tempo shule moja ya private huku Segerea, nafundisha form three na form four, jioni nina watoto wa tuisheni. Maisha yanasogea. Ila kitu ninachokitaka tangu niko mdogo ni astronomia na simaanishi kuangalia mwezi kwa raha tu, nataka kufanya utafiti, nisome masta, niende PhD, iwe ndo kazi yangu.

Sasa nimekwama. Sijui nianzie masta ya fizikia hapahapa nyumbani au nitoke nje moja kwa moja. Halafu skolashipu nyingi za Afrika za mambo ya darubini nikifungua nakuta wametaja nchi, Kenya ipo, Zambia ipo, Msumbiji ipo, yaani majirani wametuzunguka kila upande sisi hatumo, hii imekaaje wakuu? Na nyumbani wanataka nikasome diploma ya ualimu ya mwaka mmoja niombe ajira serikalini, mama kaniuliza hizo nyota zitakulisha mwanangu, nami nataka nimpe jibu lenye kichwa na miguu.

Laptop ninayo ya kawaida, RAM 4. Python, ile lugha ya kuandikia programu, najua ya chuo kidogo. Akiba ya maana sina. Aliyepita njia hii naomba anielekeze, hata akiwa mkali nitapokea.

Nawasilisha.

Msafiri wa Karoo

Dada karibu. Mi niko Cape Town namalizia PhD, nilitokea Fizikia hapo Dar kama wewe, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

La nchi liko hivi. Kuna darubini ya redio inaitwa SKA inajengwa sehemu mbili, Australia Magharibi wanaweka antena ndogondogo zaidi ya laki moja na elfu thelathini, na huku Afrika Kusini kwenye nyika kavu ya Karoo wanaweka sahani 197, ndani yake zimo zile 64 za darubini ya MeerKAT iliyozinduliwa 2018. Afrika Kusini waliingia kwenye mradi wakiwa na nchi nane washirika, ambazo ni Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Sisi hatumo. Hela nyingi za mafunzo zikafuata orodha hiyohiyo, mfano ule mpango wa DARA wa Waingereza unaoongozwa na chuo cha Leeds umefundisha vijana wa nchi hizo nane. Hakuna aliyekaa akasema Watanzania hawawezi, ni makubaliano ya nchi na nchi, na mi natamani sana siku moja wakubwa wetu walitazame hili maana tunapitwa na kitu kikubwa mno kiko hapa hapa kusini kwetu.

Kwa hiyo tangazo lolote ukilifungua shuka kwanza mpaka kwenye mstari wa uraia, kabla hujasoma kiasi cha hela, kabla hujaanza kuota. Ukikuta hatumo funga, nenda lingine, usijaze fomu kwa matumaini.

Lakini mlango haujafungwa. Wasimamizi wengi huku wana hela zao za utafiti na wengine wanaruhusiwa kuchukua mwanafunzi wa nchi yoyote, ila hizo nafasi hazipigiwi debe, unazipata kwa kumwandikia mtu. Na hapa ndo wengi wetu tunapokosea, mtu anatuma barua moja kwa maprofesa thelathini, "naomba ufadhili wa masomo", inafutwa hapohapo. Chagua watu wachache, ingia arXiv, tovuti ya makala za utafiti ambako kusoma ni bure, soma makala moja ya huyo mtu mpaka uelewe angalau swali alilokuwa anauliza na data alizotumia, kisha mwandikie aya tatu tu, wewe ni nani na GPA yako, kitu gani kwenye makala yake kimekushika na ungependa kukiendeleza vipi, halafu uliza kama ana nafasi na kama inapokea Mtanzania. Bandika transkripti na kazi yoyote uliyowahi kufanya. Akikaa kimya wiki tatu mkumbushe mara moja kwa heshima. Asipojibu songa mbele, hajakuchukia, ana barua mia tano.

Kitu kingine ambacho hakuna anayekuambia ukiwa Bongo, huku digrii ya kwanza ni miaka mitatu, halafu kuna mwaka mmoja unaitwa honours, ndo masta. Wewe na digrii yako ya miaka mitatu ukiaplai masta moja kwa moja unaweza kuambiwa anza honours, usikasirike. Kuna programu inaitwa NASSP ipo tangu 2003, iko chuo cha Cape Town na ina matawi vyuo vingine, inachukua watu wa honours na masta wa astrofizikia kutoka Afrika nzima, na ule mwaka wa honours ni mgumu kweli, umekanika, takwimu, sumaku-umeme, kompyuta, projekti, vyote kwa pamoja. Ila ukitoka hapo umeiva. Ukibahatika kwenda Sutherland kwenye darubini ya SALT yenye kioo cha karibu mita 11 kilichoungwa kwa vipande 91, beba sweta mbili, baridi ya kule mtoto wa Dar hujawahi kuiona.

Mwaka wa masomo huku unaanza Februari kwa hiyo maombi yanafungwa mapema, kuanzia katikati ya mwaka uliotangulia. Anza sasa.

Kaka wa Ubungo

Mkuu hapo juu kaongea vizuri ila wote mnaangalia kusini, mbona Kigali mnaisahau?

Pale chuo kikuu cha Rwanda kuna taasisi inaitwa EAIFR, ilianza 2018, ni mshirika wa ICTP ya Trieste Italia, ile aliyoianzisha Abdus Salam mwaka 1964 kwa ajili ya wanafizikia wa nchi zetu hizi. Wana masta na PhD za fizikia, na moja ya njia zao ni kosmolojia, yaani elimu ya ulimwengu wote kwa ujumla, na graviti. Viza huhitaji, sisi wote Afrika Mashariki. Basi linatoka Dar linafika. Mi nimesoma pale na nilichokipenda ni kwamba wahadhiri wanakuja kutoka nje wanafundisha wiki chache mfululizo somo moja, kwa hiyo unakaa na mtu anayelifanyia kazi hilo somo kila siku, unamuuliza mpaka mnakula naye chakula cha mchana bado unamuuliza.

Na ICTP yenyewe kule Trieste wana diploma ya mwaka mmoja baada ya digrii, ufadhili kamili, kuna kundi la kosmolojia pamoja na fizikia ya chembe. Ni daraja zuri sana kwa mtu ambaye chuo chake hakikumpa hesabu za kutosha. Wengi wakitoka pale wanaunganisha PhD Ulaya au Marekani.

AIMS, ile taasisi ya hesabu ya Afrika, pia usiiache, ilianzia Muizenberg Cape Town 2003, sa hivi iko Rwanda, Ghana, Senegal na Kameruni, ni masta ya hesabu, wanakulipia ada, malazi na chakula. Siyo astronomia moja kwa moja lakini utatoka unajua kuandika programu na unajua kuandika ripoti ya kisayansi, ambavyo ndo vitu viwili vinavyotukwamisha.

Uganda kuna chuo cha Mbarara, wana watu wa astrofizikia. Addis kuna kituo cha Entoto, darubini zipo mlimani karibu mita 3200. Yaani ukanda wetu haujalala kama watu wanavyodhani.

Mwalimu Mstaafu Kigamboni

Marahaba mwanangu.

Nimefundisha fizikia sekondari maisha yangu yote kwa hiyo nitazungumza na wewe kama mzazi wa pili. Usimwone mama yako anakurudisha nyuma. Anauliza swali la haki na linahitaji jibu la haki.

Tanzania ajira yenye jina la mwanaastronomia ni chache mno. Mlango mkubwa wa kurudi nao ni chuo kikuu, na vyuo vyetu vya umma vinaangalia GPA, kuajiriwa mkufunzi msaidizi unatakiwa usipungue 3.8 digrii ya kwanza na ukija na masta wanataka 4.0. Wewe una 3.9, kwa hiyo hiyo ya kwanza umevuka, na ndiyo maana nakuambia popote utakapoenda masta usikubali kupita kwa kuponea chupuchupu. Wako vijana wamesoma nje vyuo vyenye majina, wamerudi na alama zisizowaruhusu kusimama mbele ya darasa la chuo hapa kwetu, inauma.

Ushauri wangu, hiyo diploma ya ualimu isome kwanza. Ni mwaka mmoja. Ukiwa na ajira mkononi unaaplai ukiwa umetulia, huku unamsaidia mama.

Jingine. Tarehe 1 Septemba 2016 nilikuwa Rujewa Mbeya kwenye kupatwa kwa jua kipete, jua likabaki kama pete, na uwanja mzima watoto wa shule na wazee wamesimama na miwani yao hakuna aliyekuwa anataka kwenda nyumbani. Nchi hii ina kiu ya haya mambo. Tuna Kimondo cha Mbozi, tani zaidi ya kumi za chuma kutoka angani, na wanafunzi wengi wanakijua kwa picha ya kitabu tu. Kwa hiyo usome, urudi. Kuna ofisi ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia iko Cape Town tangu 2011, kazi yake ni astronomia kwa maendeleo, huwa wanatangaza ruzuku za miradi midogo. Hata ukiwa mwalimu pale Segerea unaweza kuandika mradi wa shule kadhaa na ukawa na jambo la kuweka kwenye wasifu wako.

Msafiri wa Karoo

Mwalimu shikamoo. Nakubaliana na wewe mengi sana, na la GPA nashukuru umelisema. Ila kuhusu mwaka wa ualimu naomba nipingane kwa heshima. Huu mwaka wa kwanza baada ya chuo ndo wahadhiri wake bado wanamkumbuka, ndo hesabu bado ziko kichwani. Akikaa mwaka mmoja halafu ajira ikampeleka wilaya isiyo na mtandao wa maana, kurudi ni kazi. Tempo aliyonayo inamlisha, aendelee nayo huku anaaplai.

Na tuwe wakweli kwa mama, hata ukimaliza PhD safari haijaisha. Hatua inayofuata ni mikataba ya utafiti ya miaka miwili au mitatu, leo Chile, kesho Ujerumani, matangazo yake mengi yako kwenye daftari la ajira la Chama cha Wanaastronomia cha Marekani ambalo yeyote anaweza kulisoma, na maombi yanafungwa kati ya Oktoba na Desemba kwa kazi ya kuanza mwaka unaofuata. Mi niko humo sasa hivi, naandika mapendekezo ya utafiti usiku na mchana. Ni maisha ya kuhama na unakaa mbali na wazazi wakiumwa. Dada uyajue haya kabla, na bado nakuambia njoo, maana sijawahi kufanya kazi yoyote inayonifanya niamke alfajiri nikiwa na hamu ya kufungua kompyuta kama hii.

Mtu wa Data Sinza

Naomba niongee kuhusu hiyo Python "ya chuo kidogo" maana hapo ndo pa kuanzia kesho asubuhi, siyo mwakani.

Mi nilisoma fizikia, nikafanya masta ya astrofizikia, nikarudi, sa hivi nachambua data kwenye kampuni moja hapa mjini. Ujuzi ni uleule, kusafisha data chafu, kutenganisha ishara na kelele, kujua lini takwimu inakudanganya. Kwa hiyo jibu mojawapo la mama ni hilo, PhD ya astronomia ukiisoma vizuri haikuachi mtaani hata kama nafasi za chuo hazijafunguka.

Sasa kazi ya kufanya. Laptop ya RAM 4 inatosha kabisa, tumia Google Colab, programu inaendeshwa kwenye kompyuta zao wewe unahitaji brauza na bando, ukiwa na bando la usiku fanya usiku. Nenda kwenye hazina ya data ya Gaia, ile setilaiti ya Shirika la Anga la Ulaya iliyorushwa 2013, toleo lao la tatu la 2022 lina nyota karibu bilioni 1.8 na ni bure kwa kila mtu duniani, hakuna mstari wa uraia pale. Chukua Kilimia, lile kundi la nyota. Ndiyo, Kilimia hiki hiki cha wazee wetu wakulima. Omba nyota zote ndani ya nyuzi mbili kutoka katikati ya kundi, utapata rundo kubwa ambalo nyingi siyo za Kilimia, ziko mbele au nyuma tu. Sasa chuja. Baki na zenye paralaksi (jinsi nyota inavyoonekana kuhama kidogo Dunia ikizunguka jua, ya karibu huhama zaidi) kati ya 6.8 na 8 milisekunde za tao, kipimo kidogo sana cha pembe, halafu angalia mwendo wao angani, za Kilimia zinakwenda pamoja, karibu 20 kwa mwaka kuelekea mashariki na 45 kwa mwaka kuelekea kusini, kwa milisekunde hizohizo. Hapo rundo linapungua sana unabaki na familia yenyewe.

Chora grafu, rangi kwenye mlalo, mng'ao kwenye wima, na utaona nyota zimejipanga mstari mmoja mzuri kutoka juu kushoto zile za buluu zenye joto kali mpaka chini kulia zile nyekundu hafifu, kwa sababu zimezaliwa pamoja na ziko umbali unaokaribiana. Kisha tafuta umbali, gawa 1000 kwa wastani wa paralaksi, itakuja karibu 7.4, unapata umbali wa parseki 135 hivi, yaani kama miaka ya nuru 440. Halafu, na hapa ndo raha ilipo, kasome kwanini setilaiti ya Hipparcos mwaka 1997 ilitoa karibu parseki 118, watu wakabishana kwa miaka mingi kwa sababu nyota zikiwa karibu hivyo nadharia ya mng'ao wa nyota inakwenda pabaya. Andika kurasa nne, ulichofanya, grafu, makadirio ya makosa, mjadala wa huo mzozo. Weka programu yako wazi kwenye GitHub, tovuti ambako watu huweka programu zao zionekane.

Hizo kurasa nne zikiambatana na barua yako kwa msimamizi zina uzito kuliko cheti chochote cha kozi ya mtandaoni. Anaona unajua kuuliza data swali.

Binti wa Segerea

Wakuu nimesoma yote mara mbili na nimeandika kwenye daftari. Asanteni sana, Mwalimu nashukuru kwa kunisemea mama, jioni nimemsomea ulichoandika akacheka akasema huyo mzee ana akili.

Nimeamua tempo naendelea nayo, diploma ya ualimu naiweka pembeni mwaka huu, naanza Kilimia wikiendi hii. Nitaaplai Kigali, ICTP na honours ya Cape Town. Swali moja, barua za wadhamini. Aliyesimamia projekti yangu kastaafu na wengine darasa letu lilikuwa la watu wengi sidhani kama wananikumbuka. Na je Ulaya na Marekani nizitoe kichwani kwanza?

Msafiri wa Karoo

Aliyestaafu bado anaandika barua, tena hao ndo wana muda. Mfuate. Wa pili chagua mhadhiri wa somo ulilofaulu sana, nenda ofisini ana kwa ana, beba transkripti, wasifu wako na hizo kurasa za Kilimia, mwambie unaaplai nini na tarehe za mwisho ni lini, mpe mwezi mzima. Usimwombe barua tu, mwombe azisome hizo kurasa akukosoe, akishakukosoa anakujua, na barua yake itakuwa na mambo ya kusema badala ya "alikuwa mwanafunzi mwenye nidhamu". Wa tatu anaweza kuwa mkuu wako wa shule.

Ulaya usitoe. Kuna masta ya pamoja ya Erasmus Mundus inaitwa MASS, ya astrofizikia na sayansi ya anga, inaongozwa na Roma Tor Vergata pamoja na Belgrade, Bremen na Côte d'Azur. Ufadhili wa Erasmus Mundus ni euro 1,400 kwa mwezi na uraia wetu hauna shida. Marekani PhD inakulipa wewe posho na masta siyo lazima, idara nyingi zimeacha kudai ule mtihani wa GRE wa fizikia, ada ya kuaplai ndo inauma ila waandikie uombe msamaha wa ada, wengi wanao utaratibu huo. Fomu nyingi zinafungwa Desemba.

Na jiunge na Jumuiya ya Astronomia ya Afrika, AfAS, iliyofufuliwa 2019, matangazo ya shule fupi yanapitia kwao. Tafuta pia PASEA, ni shule ya vijana wa Afrika wanaoanza, ilianzia Nigeria 2013 kwa jina lingine. Ukienda pale unaondoka na marafiki wa miaka yote.

Dogo wa PCM

Samahanini wakubwa shikamooni, mi niko form six PCM hapa Dar nimeufuata huu uzi kimya. Chuo nichague Fizikia au nichague Sayansi ya Kompyuta kisha nije astronomia baadaye?

Mtu wa Data Sinza

Marahaba dogo. Fizikia, na masomo ya kuchagua yote jaza kompyuta na takwimu. Programu utajifunza popote hata ukiwa kitandani, ila sumaku-umeme na kwanta bila mwalimu na mitihani ya kukubana watu wachache sana wanaziweza. Na hiyo kazi ya Kilimia hata wewe unaweza kuijaribu ukimaliza mitihani, ukikwama uliza hapa.

Binti wa Segerea

Dogo tukutane humu basi tuifanye pamoja. Msafiri, barua yangu ya kwanza ya kumwandikia msimamizi nimeshaianza, naweza kukutumia uipitie kabla sijaituma?

Msafiri wa Karoo

Tuma inbox leo usiku. Weka na linki ya makala yake uliyosoma, na juu kabisa andika jina la huyo mtu kwa usahihi na cheo chake, hakikisha umeangalia ukurasa wake wa chuo kama bado yupo hapo.